Mistari ya Chaki kwenye Chupa ya Baba

Tarehe 4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Miguu na pedali ya cherehani vinapatana? Msalimie jirani wa ukuta mmoja, maana najua hata barua hii ataisikia ukiisoma kwa sauti. Kwa sababu yake umeikataa simu, basi na mimi nimerudi kwenye kalamu kama mtoto wa shule.

Mimi sijambo, ila ni sijambo ya kujikaza. Kiwandani kwetu wafuaji wote wa mashuka tunapimwa afya mara moja kwa mwaka. Damu yangu imerudi na alama nyekundu. Nikapelekwa kupigwa picha ya tumbo, ile ya kupakwa jeli baridi, na daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akageuza kioo nione. Akasema ini langu limejaa mafuta.

Nikacheka, Mama. Mimi, Sindano, ambaye umenipunguzia kila gauni tangu nizaliwe! Nikamwambia labda mmechanganya picha. Hakucheka. Akaniuliza, "Unakunywa pombe?" Nikasema sinywi, sijawahi kuionja. Akaandika. Kisha akauliza tena, polepole, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia.

Nilipotoka pale kichwani nilikuwa na Baba tu. Lile tumbo lake la mwaka wa mwisho, na macho ya manjano. Miaka minane imepita tangu tumzike na sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza: hospitali walikuambia nini hasa? Waliandika ugonjwa gani?

Nijibu mapema, Mama. Nina hofu.

Binti yako,
Sindano

Tarehe 19 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua imefika, bahasha imeachia upande mmoja, sijui ni gundi mbovu au ni mtu. Mimi mzima. Cherehani nzima. Jirani mzima, na masikio yake pia mazima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kama mama. Mara tatu zilizobaki kama mtu aliyeishi na baba yako miaka kumi na tisa.

Ukurasa wa kwanza mwandiko wako umenyooka kama pindo lililopigwa pasi. Ukurasa wa pili, pale unaposema hujawahi kuionja, mistari inateremka. Kwa nini iteremke hapo hapo? Halafu ile picha uliyonitumia mwezi wa kumi na mbili, umekaa kitandani na sweta la bluu. Nimeitoa kwenye fremu, nimeipeleka kwenye mwanga. Nyuma yako dirishani kuna chupa ya kijani yenye shingo ndefu. Ni ya nini? Usiniambie ni ya mwenzako wa chumba. Baba yako naye alikuwa na wenzake.

Ini ni ini, Sindano. Halijai lenyewe tu kama mtungi ulioachwa mvuani. Ungekuwa hapa ningekuambia neno moja: pumua. Ndivyo nilivyomfanyia baba yako. Kila jioni akitoka karakana namsimamisha mlangoni, "Hebu pumua." Anapumua. Ananuka spiriti mpaka kwenye kope! Anasema ni ya kazi, ni ya kuyeyushia polishi ya samani. Haya, tuseme ni ya kazi. Lakini kazi gani inamtoa mtu macho ya manjano?

Hospitali walisema ini limekauka, limekuwa gumu kama kipande cha mti. Wakanitoa pembeni, wakaniuliza, "Mzee alikuwa anakunywa?" Nikawajibu nilichokijua. Wakaandika nilichosema.

Sasa umeuliza, nimekujibu. Na mimi nangoja jibu la ile chupa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa hiyo hiyo.

Mama yako

Tarehe 7 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani bado hamjagombana. Mimi nipo, najiburuta, jioni nachoka mpaka viatu navulia kitandani.

Ile chupa ya kijani ni siki. Maji ya huku yanaacha chokaa kwenye birika, na siki inaitoa. Nimebandua lebo, imo ndani ya bahasha hii. Inuse upendavyo.

Mistari iliteremka kwa sababu ukurasa wa pili niliuandika kazini wakati wa mapumziko, karatasi nimeiegemeza kwenye ubavu wa ile pasi kubwa ya rola. Ile mashine inatetemeka kutwa, na mashuka ya mahoteli yanapita kama mto. Ukisimama mbele yake joto linakukausha koo. Sasa nikupe siri yangu, kwa kuwa unatafuta siri: ninakunywa soda. Chupa tatu kwa zamu, siku nyingine nne. Daktari aliposikia hivyo ndipo alipokunja uso kweli kweli. Kumbe sukari ile ikizidi ini linaigeuza mafuta. Nimeacha, na kichwa kinaniuma kwa hamu, kwa hiyo ukitaka kuniita mlevi niite mlevi wa soda.

Lakini alisema soda peke yake haimridhishi. Wenzangu wa rola wanakunywa kama mimi na wengine ni wanene, na maini yao hayako hivi. Akaniuliza kama nyumbani kuna aliyeugua ini. Nikamtaja Baba. Akavua miwani, akaomba anitoe damu nyingine ya kupima vinasaba, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Nimekubali.

Mama, hukunijibu kitu kimoja. Ulimwona Baba akinywa? Kwa macho yako, kinywa kwenye chupa?

Binti yako,
Sindano

Tarehe 22 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mimi mzima, ni joto tu.

Lebo nimeinusa. Ni siki. Ila lebo ya siki ni ushahidi wa siki, siyo ushahidi wa kila kitu kilichomo chumbani kwako. Kwa leo nakuachia.

Hiyo damu nimeichukia. Damu ya ukoo wetu inawahusu nini? Ulisaini karatasi? Nyuma uliisoma? Watu huwa wanaandika nyuma. Mtu akikuambia sukari ni mbaya nashukuru, akianza kuulizia wazazi wako najua anatafuta wa kumbebesha mzigo.

Unauliza kama nilimwona. Usidhani nilimhukumu baba yako kwa tetesi za mtaani. Mimi ni fundi wa kupima. Spiriti yake alikuwa anaiweka kwenye chupa moja kubwa, rafu ya juu karakana, kizibo ni kitambaa kilichosokotwa, maana vifuniko alisema vinaganda kwa polishi. Jioni akishaingia ndani mimi napitia nyuma na chaki yangu ya nguo, napiga mstari pale spiriti ilipofika. Jumamosi mchana karakana inafungwa. Napiga mstari. Jumatatu kabla hajafungua naenda kutazama. Imepungua! Si sana, unene wa uzi, siku nyingine unene wa kifungo. Nani kanywa? Panya?

Nikamwambia. Hakubisha sana, unamjua, alikuwa mtu wa kukuna kidevu. Baadaye, miaka mitatu ya mwisho, chupa ikaanza kutulia. Jumatatu naikuta pale pale kwenye mstari, sawasawa kabisa. Wewe ungefurahi. Mimi nikajua amepata chupa nyingine anakoificha. Na ushahidi huu hapa: miaka hiyo hiyo ndiyo mikono ilimharibikia. Lile kabati la mwalimu mkuu alilipiga polishi siku tatu, likatoka na ukungu mweupe kama limepumuliwa. Kisha meza ya kinyozi, kisha kitanda cha maharusi. Wateja wakakimbia. Nikamhamishia godoro lake karakana, nikasema kalale na mpenzi wako.

Sitaandika sana leo. Naandika nimekaa kitandani kwa sababu viatu vimegoma kuingia, joto linavimbisha miguu. Chakula nacho sikitaki, ni joto hilo hilo. Ajabu ni kwamba sili lakini sketi nimeitanua kiuno mara mbili tangu mwaka uanze. Kitambaa cha siku hizi kinajikunja.

Mama yako

Tarehe 3 Mei

Mama,

Shikamoo. Safari hii siulizi unaendeleaje, kwa sababu sitaliamini jibu. Nina maneno matatu ya kukuambia na kila moja ni zito, kwa hiyo kaa, na usisome kwa sauti.

La kwanza ni majibu ya damu. Daktari alinichorea, na mchoro nimeuweka humu, utunze. Kila maelekezo ya mwili tumepewa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kuna kinasaba kimoja kinachohusika na jinsi ini linavyoyatoa mafuta yake. Kwa baadhi ya watu kimebadilika herufi moja tu, na ini linakuwa kama ghala: mlango wa kuingiza unafunguka, wa kutoa unagoma. Ukiwa na nakala moja iliyobadilika, hatari inaongezeka kidogo. Ukiwa nazo mbili, inaongezeka zaidi. Wengi wanayo na hawaugui, inategemea wanakula nini na mengine mengi. Lakini siyo lazima uwe mnene, na siyo lazima uwe umeonja hata tone la pombe.

Mimi ninazo zote mbili. Nikamuuliza kuhusu Baba. Akasema hawezi kumpima aliyezikwa na hawezi kuapa. Ila nakala moja ilitoka kwake, hiyo haina ubishi, na mtu anaweza kufa kwa ini lililokauka bila kuwa mlevi. Tena anaona wagonjwa wa namna hiyo, na wote wameshaitwa walevi na ndugu zao.

La pili. Nakala nyingine imetoka kwako. Miguu inavimba, hamu ya chakula huna, kiuno kinaongezeka na huli. Mama, hilo si joto. Ndivyo alivyoanza Baba. Nenda ukapimwe. Picha ya tumbo haiumi, ni jeli baridi tu. Ini likiwahiwa linaweza kupata nafuu, likicheleweshwa ndipo linakuwa mti. Nakuomba kwa magoti.

La tatu nimelikalia tangu nina miaka kumi na moja. Siku moja niliingia karakana kumpelekea Baba chai. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, ameshika ile chupa, anamiminia maji kwa kikombe, taratibu, jicho liko kwenye mstari wako wa chaki. Yalipofika kwenye mstari akaacha. Akaniona. Akasema, "Usimwambie mama yako, atapandisha presha bure." Sikukuambia. Na mimi, Mama, niliamini amekunywa na anaficha. Nilimshuku kama wewe, tena nikajiona mwema kwa kunyamaza. Leo sijui tena niliona nini.

Nenda hospitali.

Binti yako,
Sindano

Tarehe 20 Mei

Sindano,

Salamu sikuziona kwenye barua yako, za kunibembeleza tu ndizo nilizoziona.

Kumbe kesi imenigeukia! Yeye anuke spiriti, yeye amiminie maji chupani, halafu mimi ndiye niliyekurithisha? Nilijua tangu mwanzo wanatafuta wa kumbebesha. Na wewe ukawashikia kamba.

Ulikuwa unajua habari ya maji miaka yote hii. Nilikuwa nalia jikoni, wewe unajua. Mwanangu mwenyewe alikuwa ananizunguka na baba yake.

Miguu ni yangu na siendi popote. Nikienda wataniuliza lile swali. Nitajibu hapana, watatazamana. Kabla sijafika nyumbani jirani atakuwa ameshasikia ini, na mtaa mzima utasema mjane naye anapiga mtungi, kumbe walikuwa wanakunywa wote wawili. Afadhali nivimbe.

Usiniandikie tena habari za maji.

Mama yako

Tarehe 14 Juni

Mama,

Shikamoo. Sitaandika habari za maji.

Nimepimwa tena. Bila soda, na kwa kutembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, ile alama nyekundu imepungua. Daktari amefurahi, kanipa mkono. Ini linasikia, Mama, likiambiwa mapema.

Umekwenda? Niandikie mstari mmoja tu.

Sindano

Tarehe 12 Julai

Mama,

Shikamoo. Karibu miezi miwili sijapata hata tusi. Wewe hukai wiki tatu bila kunitukana.

Nimeanza kukushuku. Unajua nilikojifunzia. Nimetoa barua zako zote, nimezipanga kitandani, nimeukagua mwandiko. Ya Februari kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ya Mei herufi ni nyepesi kama zimeandikwa na mtu aliyelala. Hujanuna. Unashindwa kukaa. Au kuna mtu amekukataza, au jirani ndiye anayepokea barua zangu, au nimechelewa. Nimeshafikiria kila kitu, hata mambo ya aibu.

Nimeomba ruhusa kazini. Wamesema mwishoni mwa Agosti. Nivumilie mpaka hapo, Mama, na kama huwezi kuandika, nitumie bahasha tupu yenye mwandiko wako. Nitaielewa.

Binti yako,
Sindano

Tarehe 2 Agosti

Mwanangu Sindano,

Natanguliza salamu, safari hii ninazo. Hujambo? Unakula? Huko kazini wanakupa nafasi ya kukaa? Bahasha tupu sitakutumia, mimi si mtu wa kupoteza bahasha.

Mimi si mzima. Nimeliandika, nimelitazama, na halijaniuma kama nilivyodhani. Ila usije ukapasuka moyo njiani, kwa hiyo naanza na mwisho: nimepigwa picha. Ini lina mafuta, na limeanza kukakamaa pembeni, lakini halijafika lilipofika la baba yako. Nimepewa dawa ya kupunguza maji mwilini, nimekatazwa sukari na chumvi, naambiwa nitembee, na nirudi kila baada ya wiki nne. Viatu vimeanza kuingia. Chai bila sukari ni adhabu, lakini nainywa.

Sasa nirudi nyuma, maana najua hutalala bila kujua nilikuwa wapi.

Barua yako ya Mei niliichana. Halafu nikaiunga kwa gundi, siku hiyo hiyo. Nikasema mtoto huyu ananidanganya ili amsafishe baba yake, ngoja nimuumbue kwa vipimo. Nikaingia stoo, nikaitoa ile chupa. Ilikuwa imekauka, na mistari yangu bado ipo, imepaukia kwenye kioo. Nikamwita Msasa, yule aliyejifunza ufundi kwa baba yako na sasa ana karakana yake. Akanijazia spiriti mpya. Nikairudishia kizibo kile kile cha kitambaa, nikapiga mstari, nikaifungia kwenye kabati la vitambaa. Ufunguo nikautia uzi, nikauvaa shingoni, mpaka bafuni naenda nao. Na kwa kuwa hakuna ninayemwamini, hata mimi mwenyewe, nikapitisha uzi mwekundu kwenye vishikio viwili vya kabati na kufunga fundo langu, lile la kumalizia kola, ambalo hapa mtaani halijui mtu.

Wiki ya kwanza nikafungua. Fundo lipo kama nilivyoliacha. Spiriti imepungua unene wa kifungo.

Nikamshuku jirani. Nikabadilisha kufuli. Nikafunga mafundo mawili. Wiki ya tatu, imepungua kidole kizima. Nikaipapasa chupa pande zote nikitafuta ufa, chini ya kabati pakavu. Wiki ya sita, vidole viwili. Mafundo yote yapo. Ufunguo uko shingoni kwangu, umeniachia alama. Na nilipofungua kabati harufu ikanipiga usoni. Vitambaa vyote vinanuka. Gauni la bi harusi ninalolishona linanuka kama baba yako aliposimama mlangoni.

Ilikuwa inaondoka yenyewe, Sindano. Inapita kwenye kitambaa inakwenda zake. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, hakuna mtu, inakwenda zake. Miaka yote hiyo nilikuwa napima hewa.

Nilikaa chini pale kwenye kabati mpaka mteja akabisha hodi akachoka. Kisha nikaikumbuka ile habari ya maji uliyoniletea, ambayo nilikukataza. Nikaenda kwa Msasa kwa miguu hii hii iliyovimba. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya vifungo: "Hivi maji yakiingia kwenye spiriti ya polishi, inakuwaje?" Akasema, "Mama, inaota ukungu mweupe. Kabati lote linaharibika. Hilo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa." Nikamuuliza alifundishwa na nani. Akasema, "Na mumeo, na nani mwingine?"

Unaelewa? Alijua. Alijua maji yataharibu polishi yake na bado aliyatia, kwa sababu mstari wangu ukishuka nyumba haikaliki. Aliona ni heri liharibike kabati la mwalimu mkuu. Mikono haikuwa imemharibikia. Mimi ndiye niliyekuwa namharibia kazi kwa chaki, halafu ukungu ukitokea nasema umeona? Kwa ajili ya ukungu huo nikampeleka kulala karakana.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku yake ya mwisho hospitalini aliniita kwa kidole nimsogelee. Nilidhani anataka maji. Nikainama. Akanipumulia usoni. Alipumua tu, mara mbili, pumzi ndefu, akanitazama. Alikuwa amelala pale siku kumi na nne, spiriti angeitoa wapi? Na mimi, mwanangu, niligeuza shingo. Sikunusa. Hata leo sijui pumzi yake ilikuwa na harufu gani, na hilo halina kipimo.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kupimwa. Nilimwomba jirani anisindikize, ndiyo, huyo huyo. Nikaona kwa kuwa atasikia, basi asikie vizuri. Kumbe masikio yenyewe ni mazito, kila neno la nesi alikuwa ananiuliza mimi, "Amesemaje?"

Daktari ni kijana, angeweza kuwa kaka yako. Aliangalia picha, akaandika, akaandika. Nikamwekea mezani mchoro wako wa nakala mbili, nimeunyoosha kwa pasi. Akausukuma pembeni kwa peni, akauliza bila kuinua macho, "Mama, unatumia pombe?"

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Sijawahi."

Hapo ndipo alipoinua macho. Akanitazama kidogo tu, kisha akauliza tena, polepole. Sindano, mtazamo ule naujua. Ni wangu. Nimeutumia miaka kumi na tisa, najua mpaka pindo lake. Sikukasirika, nakuapia, kilichonipata hakikuwa hasira. Nilisimama, nikashika meza yake kwa mikono miwili, nikainama mpaka tukakaribiana pua, nikamwambia, "Nusa."

Nikampumulia.

Akageuza shingo.

Mama yako